Kurasa Tatu za Bwanali

...mchwa, aseme mchwa, basi yaishe, hapa Newala nani asiyewajua mchwa, wamekula nguzo za msikiti watashindwa karatasi, lakini Somoe anakunjakunja upindo wa kanga, na huyu Cuthbert wa maktaba ya Chuo Kikuu bado ameinama mkekani, upara unang'aa, kalamu juu ya fomu, “Mama Faidha, hizi kurasa tatu za mwanzo wa kitabu zilitoka lini?”, Mama Faidha, bado wanamwita hivyo, kama vile Faidha kaenda sokoni na atarudi, na tazama maajabu, Mkristo wa Lukuledi anasoma herufi za Kiarabu kama anasoma gazeti, na yeye Somoe, mjukuu wa Bwanali, wa huyo huyo aliyekiandika kitabu kwa mkono wake, kazi yake kukibusu na kukirudisha sandukuni, maana madrasa baba aliwapeleka wa kiume, yeye darasa la nne la serikali, akaambiwa yatosha... “Si dua hizi, Mama, ni Kiswahili, mzee kaandika safari ya ukoo kutoka ziwani, nani kazaliwa wapi, nani kafia njiani, majina yenyewe yalikuwa pale mwanzo,” si dua, miaka yote anakifukizia ubani kumbe anafukizia watu, “kule maktaba kitakaa chumba cha baridi, hakiguswi ovyo,” heri yake, kitalala pazuri kuliko mimi, na ile asubuhi inaingia bila hodi, Faidha mkekani hapa hapa, anachemka, mwaka ule wa ruksa ya biashara, maduka ya Masasi yamejaa sabuni za kila rangi na hospitali haina hata sindano, nesi anasema dawa mkanunue dukani, dukani wanasema rudini Ijumaa, ndipo Somoe alipozichana tatu za mwanzo, za mwanzo ndizo zenye nguvu, akaziloweka kwenye sahani kama kombe la mwalimu, maandishi yaoshwe mgonjwa ayanywe, maji yenyewe ya kupandisha kichwani kutoka bondeni, wino wa masizi ukatoka wote, karatasi ikabaki nyeupe, “Mama, machungu,” “Kunywa huko, nani kakwambia uchague,” neno la mwisho hilo, hakuna jingine, adhuhuri akafa... “Wengi husema mchwa,” anasema Cuthbert taratibu, “kama ni mchwa, niandike,” miaka mitano Somoe kajilaumu kwamba alimnywesha mtoto maji ya masizi, na kumbe aliwanywesha humo wazee wake wote, kwa majina, waliotoka ziwani kwa miguu, sasa hawasomeki popote, wamelala naye makaburini Kitangari, haya, na hilo si la kujifariji, maiti hana haja ya msafara, hata hivyo Faidha hakwenda peke yake, peke yake ni huyu aliyekaa hapa na mgeni anayesubiri, na mgeni ataandika atakachoambiwa, na kitakaa kwenye chumba chao cha baridi hata yeye Somoe atakapokuwa hayupo wa kukisema, basi aandike zilinywewa, na aandike aliyezinywa ni nani, binti nani, wa wapi, ana miaka mingapi.