Kinyumenyume Mbele ya Bwana

Bibi Graciela aliyasema yale maneno akicheka, na wenzake wakacheka naye. Mimi nilikuwa kwenye sinki nasuuza masufuria ya jumuiya yetu. Kihispania sikijui. Lakini nilimwona Justina, na uso wake ulijifunga kama mlango unaofungwa na mtu mwenye adabu, polepole, bila kishindo.

Ilikuwa Jumamosi, wiki mbili kabla ya maandamano ya Waperu. Parokia yetu hapa Mount Dennis, Canada, ina watu wa kila aina, na ukumbi wa chini tunagawana: sisi wa misa ya Kiswahili, na Waperu wenye ibada yao ya Bwana wa Miujiza. Kila Oktoba wanabeba barabarani picha kubwa ya Kristo msalabani, wanaume ishirini begani, wote wamevaa zambarau. Mbele ya picha wanakwenda wanawake wenye vyetezo vya fedha, wanafukiza ubani. Na hao wanawake hawaendi kama sisi tunavyokwenda. Wanatembea kinyumenyume, toka kanisani mpaka kurudi kanisani, kwa sababu hawataki kumpa Bwana mgongo.

Justina alikuwa amemwomba Graciela, kiongozi wao, nafasi moja kati yao. Moja tu.

"Alikuambia nini?" nilimuuliza Justina wale wengine walipopanda juu. Mimi na yeye tunazungumza Kiingereza, mimi changu cha darasa la saba, yeye chake cha kufagia maofisini, na hatujawahi kupotezana.

"Aliangalia saa ya ukutani. Akasema, 'Justina, mbona unaniletea mambo haya sasa? Saa sita si imeshapita?'"

"Kichekesho kiko wapi hapo?"

Akaendelea kupangusa kikombe ambacho kilikuwa kimeshakauka. "Kwetu wanasema mtu mweusi hufikiri mpaka saa sita mchana. Baada ya hapo kichwa kinafungwa, kama duka."

Nikaweka sufuria chini. Mimi ni mjane, ni mtu wa rozari, na nimejifunza kukaa na hasira kama mtu anavyokaa na mgeni ambaye hakumwalika. Siku ile mgeni alikalia kiti changu mwenyewe.

Justina anatoka Chincha, kusini mwa Lima, kwenye mashamba ambako mababu zake walipelekwa na minyororo kutoka kule kwetu Afrika. Alikuwa na miaka kumi na minne alipopelekwa mjini kufanya kazi kwa mama yake Graciela. Alimsuka Graciela nywele, akampigia pasi sketi za shule, na yeye mwenyewe shule hakurudi tena. Aliingilia mlango wa nyuma. Sahani yake na kikombe chake vilikaa chini ya sinki, pamoja na dawa ya kusugulia choo. Wakati wa joto walikwenda naye ufukweni, amevaa sare nyeupe, anasimama mchangani na taulo za watu. Kuoga baharini aliruhusiwa jioni tu, matajiri wakishaondoka.

"Kana kwamba ningeichafua bahari, Mama," aliniambia. "Bahari nzima."

Kaka yake alikodishwa kubeba majeneza. Huko Lima, matajiri wakifiwa, wanapenda jeneza libebwe na wanaume weusi waliovaa glavu nyeupe. Inapendeza, wanasema. Kaka yake mwenyewe alipokufa, walimbeba majirani watatu na mtoto wake.

Baadaye Graciela alihamia Canada na mumewe, wakamchukua Justina kama wanavyochukua kabati. Siku zikapita, Justina akapata karatasi zake za ukaazi, akaacha ile kazi, akapanga nyumba St. James Town na mwanawe Wilmer. Yeye alimwacha Graciela, Graciela hakumwacha. Kwenye chama chao cha ibada, nani anafua yale majoho ya zambarau? Justina. Nani anayapiga pasi, nani anachemsha kahawa? Na Graciela akiulizwa na wageni anamshika bega na kusema, "Justina wetu ni kama mtu wa familia." Mtu wa familia gani anakula amesimama?

Sasa, hii nafasi aliyoiomba haikuwa ya kujionyesha. Mwezi wa tatu Wilmer alipasuliwa moyo. Justina alipiga magoti kwenye korido ya hospitali akamwambia Bwana, niachie mwanangu, na Oktoba nitakufukizia ubani njia nzima. Wilmer akaamka. Leo anapanda ngazi bila kuhema. Nadhiri ilikuwa imejibiwa upande mmoja, na upande wa pili ulikuwa umebaki kwa Justina, na maandiko yanasema wazi kwamba ukiweka nadhiri usikawie.

"Na unajua nani aliichora ile picha mara ya kwanza?" aliniuliza. "Mtumwa. Mtu wa Angola. Aliichora ukutani. Wazee wetu wanasema tetemeko liliangusha nyumba zote, ule ukuta ukabaki umesimama. Sasa mimi siwezi kumfukizia?"

Akamwomba Graciela mara ya pili, kwa heshima zote. Akajibiwa hakuna joho la kumtosha. Yeye ndiye aliyekuwa ameyapiga pasi, na alijua yamezidi mawili. Mara ya tatu Graciela akasema ukweli wake: kutakuwa na mpiga picha na wageni wakubwa, na wanataka safu ipendeze.

Nilikwenda kwa padre. Akaniambia kwa upole, "Mama, chama kina viongozi wake." Jumapili baada ya misa nikamwendea mwenyekiti wetu, Nahashon.

"Mama Nkirote," akasema, "hayo ni mambo ya Walatino. Ukumbi umeandikishwa kwa jina lao. Tukiwaudhi, Krismasi tutapikia wapi?"

"Kwa hiyo tunyamazie dhambi kwa ajili ya pilau?"

"Si dhambi sasa. Ni protokali."

Wamaitha, mweka hazina wetu, alikuwa pembeni anafunga mkoba wake. Akacheka. "Mama, tusijifanye malaika. Hata kwetu Nairobi mboch wa kazi za nyumbani anakula jikoni, na kikombe chake kivyake. Si ni kazi tu?"

"Ndiyo maana ukiona ubaya huu hapa haukushtui," nikamwambia. "Umeuzoea kutoka nyumbani kwako."

Kicheko kikaisha. Mungu anisamehe, nilitamani kumzaba kofi, na rozari nilikuwa nayo mkononi. Maana hapo ndipo niliposikia uchungu zaidi. Graciela nilimtarajia. Wamaitha tunasali naye na kula naye chungu kimoja, na kwenye misa ileile alikuwa amesoma somo la pili kwa sauti nzuri kabisa.

Nyumbani binti yangu Nkirote, aliyekuwa ametoka zamu yake ya unesi, akanisikiliza huku anavua viatu. "Mama, andika malalamiko uyapeleke kwa askofu."

"Malalamiko yatajibiwa Januari. Nadhiri ni Jumapili ijayo."

Nikakaa nikiangalia rafu. Juu yake kuna chetezo changu cha udongo, nilichokuja nacho kutoka Mombasa. Marehemu mume wangu alikuwa kuli bandarini, tukaishi Changamwe miaka mingi kati ya Waislamu na Wakristo, na kila nyumba pale, awe nani awe nani, Ijumaa au Jumapili, inafukizwa ubani. Nilikitumia alipolala mume wangu sebuleni kabla ya kuzikwa. Kimeungua mdomo na kina ufa mdogo. Nikamshukuru Mungu, nikachukua simu.

"Justina. Ulipoweka nadhiri, ulimwambia Bwana chetezo cha fedha?"

"Hapana. Nilisema ubani."

"Na joho?"

"Ubani tu, Mama."

"Basi njoo na viatu visivyoteleza."

Ubani na makaa nilinunua kwa Nazmin, mama wa Kiismailia mwenye duka la vyakula vya kwetu, na yeye amezaliwa Mombasa. Aliponusa kile kipande akafumba macho. Hakuniuliza ni cha nini.

Jumapili kulikuwa na baridi ya upepo. Niliwasha makaa nyuma ya kanisa, kwenye maegesho ya magari. Justina alikuja na gauni la zambarau alilolishona mwenyewe kwa mashine ya jirani, na kichwani kitambaa cheupe cha marehemu mama yake, ambaye huko kwao alikuwa mwanamke wa ubani maisha yake yote. Nikaikunja leso yangu ikawa kata, nikaweka sahani juu, chetezo juu ya sahani. Nikamkabidhi. Moshi ukapanda ukanyooka, akaanza kulia, nikamwambia alie baadaye.

Mlangoni mwa kanisa picha ilikuwa imeshatua kwenye stendi zake, wanaume wamejipanga chini ya miti ya kubebea. Wanawake wa Graciela walikuwa mstari mmoja mbele, vyetezo vya fedha vinang'aa, mpiga picha anawasogeza kushoto na kulia. Justina akapita katikati yao. Akasimama uso kwa uso na Bwana.

"Justina!" Graciela aliita. "Kahawa imewekwa?"

Graciela akamfuata, akamshika kiwiko. Kisha akaniona mimi nyuma yake, akageukia Kiingereza.

"Hiki chungu ni cha nani?"

"Changu," nikasema.

"Mama, hii ni ibada. Si maonyesho ya kienyeji."

"Ni ubani, bibi. Nusa."

"Mwambie aweke chini kabla hajatutia aibu. Watu wanapiga picha!"

Anayeongoza wabebaji ni Don Eleuterio, fundi wa mapaa, mtu mfupi kutoka milimani. Bila kengele yake picha haiinuki. Huyu naye, Justina aliniambia, Graciela humwita *cholo* akigeuka tu, ambalo kwao ni tusi la kumkumbusha mzawa asilia wa milimani mahali pake. Don Eleuterio alitazama kile chetezo cha udongo chenye ufa. Akamuuliza Justina neno moja. Justina akajibu neno lilelile. Mzee akapiga ishara ya msalaba, akagonga kengele.

Wanaume ishirini wakainuka.

Mzigo ule ukiinuka, hausubiri mtu. Picha ilikuja, na aliyesimama mbele yake ana njia mbili, arudi nyuma au aondoke. Justina akarudi nyuma. Graciela alikuwa na viatu vya visigino na hasira, akaruka pembeni, na chetezo chake cha fedha kikamwaga makaa kwenye lami. Ile safu yake nzuri ikavunjika vipande viwili, wanawake wakabaki kandokando.

Mimi nilitembea mgongoni mwa Justina, nimeweka kiganja kiunoni mwake, kwa sababu yeye hakuona anakokwenda. "Ukingo," ninamwambia. "Kushoto kidogo. Shimo. Sasa sawa." Baadaye nilimuuliza Justina yule mzee alisema nini. Alimuuliza, nadhiri? Na yeye akasema, nadhiri.

Tulikwenda hivyo Weston Road, watu wa kituo cha basi wakivua kofia, na tukarudi. Leso haikutosha. Sahani ilishika moto, na tulipofika mlangoni viganja vya Justina vilikuwa na malengelenge. Hakuwa amegeuka hata mara moja.

Ukumbini palikuwa pamejaa, Waperu na watu wetu pia, maana misa ya Kiswahili ilikuwa inafuata. Justina akaweka chetezo mezani, katikati ya vile vya fedha, bado kinatoa moshi. Graciela akaja na tabasamu, mpiga picha nyuma yake. Akamkumbatia Justina begani kana kwamba hakuna kilichotokea barabarani.

"Justina wetu!" akawaambia wageni. "Ni kama mtu wa familia." Picha ikapigwa. Kisha, mdomo karibu na sikio lake, akasema kitu kifupi na kuonyesha meza kwa kidevu. Hicho nilikielewa bila tafsiri. Vikombe.

Justina alitazama viganja vyake. Halafu akainua macho akaangalia saa ya ukutani, taratibu, kila mtu akamwona anaangalia. Ilikuwa imepita saa tisa. Akasema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Saa sita imepita, bibi. Vikombe siwezi kuvifikiria."

Kwa Kihispania alisema, nami niliambiwa maana yake nje. Lakini niliwaona wanawake waliocheka ile Jumamosi. Hakuna aliyecheka. Mmoja wao alijishughulisha na kamba ya joho lake. Na Justina, ambaye alikuwa ametembea barabara nzima kinyumenyume asije akampa Bwana mgongo, akampa Graciela mgongo wake wote na kutoka kwa mlango wa mbele.

Graciela akabaki na trei ya vikombe vichafu ambayo sijui alipewa na nani. Akazungusha macho ukumbini. Nilijua yatatua wapi kabla hayajatua. Yalipita wazungu, yakapita Waperu wenzake, yakapita vijana wenye nguvu waliokuwa wamekaa bure, yakatua kwangu. Akaninyooshea.

"Mama, tafadhali."

Nilimtazama. Nimezika mume, nimesomesha mtoto, nimefagia ukumbi ule kwa hiari yangu kwa ajili ya Mungu, na nitaufagia tena. Mikono yangu ilikuwa mitupu, na niliiacha ikining'inia. Vikombe vikaanza kugongana kwenye trei.

Pembeni, Nahashon mwenyekiti wetu akanyoosha mikono kuipokea, na tabasamu lake la kuombea ukumbi.

"Nahashon," nikasema.

Akairudisha mikono yake mifukoni.

Nikachukua chetezo changu, bado cha moto, nikakifunga kwa leso iliyoungua, nikapita mbele ya Graciela kumfuata Justina. Trei ilikuwa nzito. Nilimwacha aishike.