Kifaa cha Profesa

Nyumbani walimwita Profesa tangu darasa la pili, alipoifungua redio ya mjomba wake akashindwa kuifunga. Jina likaganda. Alipopata nafasi ya kwenda ng'ambo kufanya utafiti wa uzamivu katika ufuaji wa umeme, hakuna aliyeshangaa, labda mjomba.

Utafiti wenyewe ulikuwa kifaa kidogo kinachobandikwa kwenye turbaini kusikiliza mtetemo wake. Mabapa yanayoizungusha yakiwa mazima, mstari kwenye skrini hutulia. Yakipata ufa, huruka. Mstari wake ulitulia vizuri mno, na Profesa akavimba kichwa. Mabapa yenye ufa hakuwahi kuyajaribu. Ni ghali, na msimamizi wake alisema yangoje mwaka wa mwisho. Hata hivyo kituo cha umeme cha kwao, ambako mdogo wake ni fundi wa zamu, kiliomba kifaa kimoja, naye akawapelekea kwa mbwembwe zote.

Asubuhi moja mafundi bomba walizima pampu ya chumba cha pili. Turbaini ya maabara iliendelea kuzunguka, lakini mstari ukapotea. Pampu ikawashwa, mstari ukarudi. Profesa akaomba izimwe tena, mstari ukapotea tena. Miaka yote hiyo alikuwa anasikiliza pampu ya maji! Mabapa yangepasuka yote, kifaa kingesema ni mazima. Na kituo cha umeme kimejaa pampu.

Msimamizi alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu.

"Hapa hakuna shahada tena," alisema. "Pole sana."

Profesa hakupata hata nafasi ya kulia. Alitoka mbio hadi kwenye korido, akampigia mdogo wake.

"Shikamoo, Profesa!"

"Mwambie mkuu wa kituo aizime turbaini. Sasa hivi!"

"Hata marahaba hakuna?" Mdogo wake alicheka. "Kifaa chako kinasema nzima. Juzi mkuu alisikia inatikisika kidogo, akataka kuifungua. Nikamzuia mwenyewe. Nikamwambia kaka yangu habahatishi."

Profesa akaketi sakafuni.

"Nimekosea. Kinasikia pampu, hakisikii turbaini."

"Kaka, acha utani."

"Haki ya Mungu, sitanii."

Alimsikia mdogo wake akimwita mkuu, kisha wakibishana mbali na simu. Aliporudi, sauti yake ilikuwa imenywea.

"Anasema hawezi kuutia mji mzima gizani kwa maneno ya simu. Uandike barua, wataalamu wakae waijadili."

"Basi wewe usiingie chumba cha turbaini. Nakuomba, mdogo wangu."

"Zamu ni yangu. Nisipoingia mimi ataingia mwenzangu, na yeye ana watoto wadogo."

"Sema unaumwa!"

"Nitakaa mbali nayo," mdogo wake alisema taratibu, kama anayembembeleza mtoto.

Profesa alijua meza ya fundi wa zamu ilipo. Akiketi pale, mtu akinyoosha mkono anaigusa turbaini.