Waliokuja Kutafuta Faili

Profesa alikuwa bingwa wa magonjwa ya akili, na bingwa zaidi wa kujisifu. Kwa miaka mitatu alikuwa akitafiti msongo wa mawazo wa madaktari na wauguzi wa hospitali ile, kwa dodoso la kurasa arobaini na tatu. Muuguzi mmoja alianza kulijaza akiwa na mimba changa. Anaweka alama ya mwisho, mtoto anaota meno. Mwingine, alipofika kwenye swali la mara ngapi huhisi hana muda, aliandika tu: "Sina muda wa kujibu."

Chini kabisa ya jengo, kwenye masjala, alikaa mtunza mafaili waliyemwita Nukta, kwa kuwa hakuna iliyompita. Alikuwa na miaka arobaini na sita na usonji, jambo aliloambiwa rasmi ukubwani na Profesa huyo huyo. Profesa hakumwacha hata anywe maji. Papo hapo alimwingiza kwenye utafiti wake wa pili, wa maisha ya watu wazima wenye usonji. Humo akamwandika: "Ana shida ya kuelewa hisia za wengine." Nukta aliisoma ripoti, akasahihisha tarehe iliyokosewa, akaihifadhi panapostahili.

Masjala haikuwa na dirisha wala simu. Huko juu mapokezi, kengele na viti vya chuma vilivyoburutwa vilimwingia Nukta masikioni kama kokoto. Humu ndani alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa bila faili hata moja kupotea. Sheria yake ilikuwa moja: ukiingia, unaandika kwenye daftari jina lako, saa ya kuingia, faili unalotaka na saa ya kutoka. Hata ungekuwa na cheo kinachogusa dari, ungeandika.

Jumatatu moja Profesa akateremka na futi ya kupimia.

"Nukta, ndugu yangu, hongera! Chumba chako kimechaguliwa."

"Na nani?"

"Na sayansi! Tunafanya chumba cha kupumulia wahudumu wenye msongo. Muziki laini, chemchemi ya umeme, samaki wa plastiki wanaoelea."

"Na mimi?"

"Mapokezi. Utachangamka, kaka! Watu kama ninyi mnatakiwa mzoeshwe watu."

"Uliniuliza?"

"Si nilikuuliza maswali sitini?"

"Hilo halikuwemo."

Profesa akaendelea kupima ukuta, akipiga mluzi.

Muuguzi mkuu, waliyemwita Mama Wodi, alishuka baadaye. "Huko mapokezi utadumu siku ngapi, mwanangu?"

"Mbili. Ya tatu nitaacha kazi."

Alhamisi mkurugenzi wa hospitali aliitisha mkutano kuhusu chumba hicho. Profesa alisema mpaka kipaza sauti kikachoka. Alipokaa, Nukta akasimama na daftari.

"Mwaka huu wahudumu wameingia masjala mara mia nne na kumi na mbili," akasoma. "Walichukua faili mara themanini na moja. Mara mia tatu thelathini na moja zilizobaki, walikwenda kukaa kwenye kigoda nyuma ya rafu ya saba."

"Kigoda kilifikaje huko?" mkurugenzi akauliza.

"Nilikiweka mimi. Walikuwa wanakaa sakafuni."

"Wanafanya nini?"

"Daktari mmoja hulia dakika nne, hujifuta, hurudi kazini. Mfamasia hulala. Mwingine humenya yai, halafu halili."

Ukumbi mzima ukaanza kuchunguza viatu vyake.

"Baba, ishia hapo," Mama Wodi akanong'ona.

"Ukurasa huu umebaki mstari mmoja, mama. Profesa: mara kumi na saba. Nafasi ya faili, wazi. Jumanne iliyopita, dakika thelathini na nane. Alikoroma."

Profesa akaruka. "Ule ulikuwa uchunguzi shirikishi!"

"Tulishiriki kweli," akasema mfamasia. "Rafu zilitikisika."

Kicheko kilipotulia, Mama Wodi alisimama. "Mkurugenzi, tunakwenda kule kwa sababu huyu peke yake ndiye asiyetuuliza tunajisikiaje. Anatupa kalamu, ananyamaza. Mkituletea samaki wa plastiki, sisi tutajificha wapi?"

"Masjala ibaki kama ilivyo," mkurugenzi akasema, akafunga mkutano mbio mbio kabla Nukta hajafungua ukurasa wa pili. Huko kulikuwa na jina la mkurugenzi mwenyewe mara tisa.

Profesa, ambaye aibu ilikuwa ikimpitia mbali, aliandika makala ndefu kuhusu "ugunduzi wake" wa faida za ukimya kazini. Nakala ikaletwa masjala. Nukta akasahihisha tarehe, akaihifadhi.

Jumanne, saa nane mchana, Profesa huyo mlangoni. Akaandika jina, akaandika saa, kalamu ikasita kwenye nafasi ya faili. Nukta akamwonyesha safu mpya aliyoichora kwa rula, yenye neno moja juu: Kulala. Profesa akatia alama bila kuinua macho.

"Dakika ngapi?"

"Ishirini."

"Kigoda kina mtu. Chukua cha pili, rafu ya tisa. Na usikorome, mfamasia kaingia sasa hivi."