Anafuata Nyekundu

Jumanne, tarehe 8 Agosti. Kulipambazuka na joto zito lisilo na upepo, na misa ilipomalizika, nje ya kanisa mbayuwayu walikuwa wakiruka chini chini hata Urszula akasikia mbawa zao zikimpita sikioni.

"Mvua hiyo," akamwambia mumewe, Zenon, ambaye kwa mapenzi alimwita Zenek.

"Ije tu. Hatukutengenezwa kwa sukari."

Urszula, au Ula kwa wenzake, alikuwa kipofu tangu akiwa na miaka kumi na tisa. Hii ilikuwa hija yao ya kumi na tatu kwenda Częstochowa, mji wa hija wa Bikira Maria nchini Poland, kwa baiskeli ya viti viwili, Zenon mbele kwenye usukani, yeye nyuma. Kiti cha nyuma hakina breki, na vishikio vyake havigeuki. Lakini kwa siku sita katika mwaka mzima hakuna mtu aliyemshika mkono kumvusha popote. Alikanyaga pedali kama wengine, akachoka kama wengine, na jioni miguu ilimuuma kama wengine. Alimshukuru Mungu kwa maumivu hayo.

Walikuwa kumi na wanne, na kwa desturi ya hija waliitana kaka na dada, hata Padri Ksawery aliyetangulia akiongoza rozari kwa kipaza sauti kidogo. Mbele ya Zenon alikuwa Wacek, fundi uashi mwenye koti jekundu, ambaye mdomo wake haukujua likizo.

"Dada Ula! Leo Zenek anakanyaga, au umembeba tu?"

"Nimembeba miaka thelathini, kaka Wacek. Wewe je, nani atakubali kukubeba?"

"Mama mkwe wangu. Lakini anataka kunishushia mtoni."

Safu nzima ikacheka.

Sheria ya safu ilikuwa moja: anayeona hatari apige kelele, na kila mmoja airudie mpaka imfikie wa mwisho. "Shimo kulia!" aliita Wacek. "Shimo kulia!" akarudia Zenon. "Shimo kulia!" akarudia Dada Celina, mwalimu wa chekechea, aliyewafuata nyuma. Urszula alizipenda sauti hizo. Kwake ndizo zilizokuwa barabara.

Dhoruba iliwakuta walipopita mji mdogo wa Nowa Słupia, barabara ilipoanza kuteremka. Radi moja ilipasuka juu yao, na mvua ikamwagika kana kwamba mtu amepindua pipa. Rozari ikakatika katikati ya fungu. Sauti ya Wacek ikamezwa na upepo.

Gurudumu likaingia shimoni, na Urszula akahisi maumivu kwenye uti wa mgongo. Zenon hakuwa ametamka neno. Likaingia la pili. Tena bila onyo.

"Zenek! Mbona huiti?"

"Naita! Upepo unachukua!"

Mgongo wake ulikuwa shubiri moja kutoka usoni kwa mkewe. Upepo gani ungechukua sauti kutoka hapo?

Ndipo Urszula alipotambua jambo ambalo masikio yake yalikuwa yamemwambia tangu siku ya kwanza, naye akakataa kulisikiliza. Katika hija hii Zenon hakuwahi kuita kwanza. Kila mara Wacek aliona, naye akarudia. Akakumbuka majira ya kuchipua, Zenon alipoacha kumsomea barua, akisema ni matangazo matupu. Akakumbuka chai iliyomwagika kando ya kikombe, mara mbili katika wiki moja.

Alikaza miguu. Pedali zikasimama, lakini baiskeli ilizidi kushuka.

"Simama!"

"Nikifunga breki Celina atatupanda mgongoni!"

Urszula akaanza kusali. Salamu Maria, umejaa neema. Alisali haraka, meno yakigongana, hata akafika kwenye "sasa na saa ya kufa kwetu", na hapo ulimi ukakwama. Maneno aliyoyasema maelfu ya mara hayakutoka. Akarudi mwanzo, akakwama palepale.

"Zenek, unaona nini?"

Baiskeli ikazidi kukimbia.

"Kwa jina la Mungu, unaona nini?"

"Nyekundu," akasema. "Koti la Wacek. Nalifuata."

"Na kingine?"

"Ula, kaa kimya, nitalipoteza."

Akatii. Angefanya nini kingine? Alivishika vishikio visivyogeuka na kukabidhi roho yake.

Wacek alikwepa tawi lililoanguka barabarani, akapiga kelele ambayo haikumfikia mtu. Zenon hakukwepa. Walianguka ubavu, wakaburuzwa kwenye lami iliyojaa maji, na Celina, ambaye hakuonywa, akawaparamia. Urszula alisikia mfupa ukivunjika, akajipapasa kujua kama ni wake. Haukuwa wake.

Mfupa ulikuwa wa Celina. Gari la wagonjwa lilimchukua kutoka ukumbi wa zimamoto wa kijiji, ambako akina mama waliwagawia mahujaji supu ya njegere na mablanketi. Padri Ksawery akaketi mbele ya Zenon.

"Kaka Zenon, ilikuwaje?"

"Tawi lilidondoka ghafla, kaka."

"Ghafla?" Wacek akashusha bakuli. Safari hii hakuwa na utani. "Lilikuwa limelala pale. Mimi nimelipita."

"Mvua, bwana. Nani angeona?" Zenon akajaribu kucheka. "Kesho nanyoosha gurudumu, tunaendelea. Zimebaki kilomita mia na arobaini tu."

Urszula akaushika mkono wa shati la mumewe lililolowa. "Waambie," akanong'ona.

"Niwaambie nini? Mimi nikishushwa, na wewe umeshuka. Umefikiria hilo?"

"Nimefikiria. Waambie, mpenzi."

Alingoja. Alisikia vijiko, mvua juu ya bati, mtu akipenga kamasi. Kijiko cha mumewe nacho kikarudi kwenye bakuli. Siri ilikuwa ya Zenon, na kuitoa badala yake kungekuwa wizi.

Akasimama. Blanketi likaanguka, hakuliokota.

"Kaka na dada," akasema, na vijiko vikatulia. "Mbele yenu na mbele ya Mungu naahidi: sitapanda tena baiskeli inayoongozwa na mume wangu, mpaka yeye mwenyewe awaambie anaona nini."