Vidonge vya Metroni Nthambi

Bartholomew Muema wa kidato cha tatu hakukusudia kumuua mtu. Jambo hilo alitaka lieleweke mapema, ingawa kufikia Machi ya mwaka 1998 hakuwa amepata wa kumweleza.

Alichokusudia kilikuwa kidogo mno. Metroni Nthambi, aliyewalea na kuwatisha wavulana mia nne wa shule ile ya bweni karibu na Ndithini, alimeza kidonge kimoja cheupe kila alfajiri, kisha akasubiri nusu saa kabla ya kunywa chai. Nusu saa hiyo ilikuwa ya hatari kwa umma. Ndipo alipopita bwenini akiwavua watu blanketi, na sauti yake ikafika hadi jikoni. Mwishoni mwa Januari Muema aliadhibiwa kufagia zahanati ya shule. Kwa moyo safi wa utafiti, akamimina ndani ya soksi vidonge vyote vya chupa ya Metroni iliyowekwa humo, akajaza mahali pake vidonge vya sukari bandia alivyochukua kwa shangazi yake mwenye kisukari. Huwezi kuvitofautisha kwa macho. Alitaka tu kumwona Metroni akikunja uso.

Metroni hakukunja chochote. Alimeza kwa maji mengi, siku ya kwanza na siku ya kumi, na Muema akauhesabu mzaha huo kati ya mizaha yake iliyoshindwa. Akausahau.

Kisha Metroni akaanza kupungua kasi.

Kwanza alichelewa bwenini. Halafu akavaa sweta nzito, wakati jua la upande wa Masinga lilikuwa likiliza mabati. Uso ukamvimba, macho yakawa madogo, sauti ikakwaruza. Asubuhi moja alisinzia akiita majina, kalamu ikiwa juu ya jina la Urbanus. Bweni zima lilisimama kimya kwa heshima, kisha likarudi kitandani.

"Maombi yangu yamejibiwa," alisema Urbanus, ambaye hakuwahi kuonekana akiomba.

Aliyekosa kucheka ni Ridwan, mtoto wa mfanyabiashara wa mbuzi kule Kithimani, aliyelala kitanda cha juu ya kile cha Muema.

"Huyo ako na kitu ya mamangu," alisema walipokuwa wakifua nguo. "Tezi ya hapa shingoni imelala. Mwili unakosa moto. Mama humeza kidonge kila asubuhi, na atameza mpaka mwisho. Kuna wakati alikaa miezi miwili bila. Ukimuuliza kitu jioni, anakujibu kesho yake."

"Na akikaa bila kabisa?"

"Daktari alisema anaweza kulala asiamke. Lakini pia akizidisha ni shida. Siku moja alisahau amemeza, akarudia siku kadhaa, moyo ukaenda mbio tukampeleka hospitali." Ridwan akamtazama. "Mbona umeacha kusugua?"

"Nasugua."

"Unasugua ndoo."

Kuanzia siku hiyo Muema aliwaachia wenzake githeri yake, mahindi na maharagwe ya kila siku. Alipanga kuvirudisha vidonge kwa siri. Ili aadhibiwe tena, alipiga mluzi katikati ya sala ya gwaride, na Jumatano baada ya masomo akatumwa zahanati na ufagio mkononi, soksi mfukoni.

Alimkuta Metroni ameketi kwenye kitanda cha wagonjwa, mikono ndani ya mikono ya sweta.

"Usinitimulie vumbi," alisema. "Nimetoka Machakos saa hii. Nilipimwa damu."

"Pole, Madam."

"Wameniongezea. Nilikuwa nameza kimoja, sasa ni viwili vya chupa hii hii. Daktari anasema hiki kimoja hakinitoshi tena. Hata yeye ameshangaa. Kesho naanza."

Muema alisimama na kufanya hesabu, somo ambalo hakuwahi kulipita. Akivirudisha vidonge vya kweli sasa, kesho Metroni angemeza viwili, na moyo wake ungefanya ulivyofanya wa mama yake Ridwan. Akiviacha, angemeza viwili vya bure, kisha vitatu, hadi siku ya kutoamka. Hapakubaki njia ya siri.

"Madam, hizo si dawa."

"Ati nini?"

"Ni sukari. Ya wenye kisukari. Nilibadilisha mimi. Zako ni hizi." Akaweka soksi mezani.

Metroni aliitazama soksi. "Muema, mimi ni mgonjwa. Mizaha yako pelekea Urbanus."

"Tafuna moja, Madam. Moja tu."

Alichukua kidonge kutoka kwenye chupa, akakitia kinywani. Taya ikazunguka mara mbili, ikasimama. Muema alingojea fimbo, aliitamani hasa. Lakini Metroni aliweka kiganja shingoni, na machozi yakaanza kumtoka taratibu, kama kila kitu chake siku hizo.

"Nimemwandikia dada yangu," alisema. "Nimemwambia Aprili achukue watoto wangu, kwa sababu mimi naisha na dawa imenikataa. Nimegawa mpaka nguo, Muema."

"Samahani, mwaitu." Neno lilimtoka la nyumbani, la kumwita mama.

"Usiniite mama. Hii soksi ilikuwa imefuliwa?"

"Hapana, Madam."

Akaisukuma mbali kwa kidole kimoja. "Kesho tunarudi Machakos, wewe na mimi. Utamwambia daktari vile umeniambia, anipe dawa safi. Halafu Mwalimu Mkuu. Halafu babako."

"Na ukishameza za kweli, utapona lini?"

"Ugonjwa huu si wa kupona, ni wa kumeza. Nguvu zitarudi wiki nne, sita. Kama zitarudi."

"Kama?"

Metroni aliegemea ukuta. Alifumba macho. "Fagia," alisema.

Muema akafagia sakafu iliyokuwa safi tayari, akisikiliza pumzi ya Metroni, na kila ilipochelewa, ufagio nao ulisimama.