Fundo la Ta Ildefons

Ujumbe ulifika kituoni Kanazi asubuhi kwa simu ya dereva wa bodaboda aliyejitaja kwa jina moja tu, Derick. Kuna mnyama amenasa kwenye waya huko Buganguzi, bondeni chini ya vibanja vya migomba, bado yu hai, daktari awahi. Kisha akaongeza maneno ambayo ni wazi alitumwa ayafikishe: "Ila Edvina asije."

Edvina alikuwa amesimama palepale na sufuria ya uji wa mbwa, anasikia kila kitu. Akacheka. Kituo kile cha kuokoa wanyama kilikuwa na wafanyakazi watatu, na wa tatu, Abel, alikuwa likizo, anaoa. Asipokwenda Edvina aende nani, mbwa?

"Wanajua kwenu ni Buganguzi, na wanajua ukoo wako," alisema Daktari Zahoro. "Itakuwa ni pongo."

Kwa Wahaya kila ukoo una muziro wake, kiumbe ambacho watu wa ukoo huo hawakili, hawakiui wala hawakigusi. Muziro wa kina Edvina ni pongo, yule swala wa vichakani, wenyewe wanamwita engabi. Mtoto wa ukoo ule anajua kabla hajajua kuhesabu kwamba hata ngozi ya engabi hairukwi. Miaka minne Edvina alikuwa amefunga vidonda vya mbwa, amelisha korongo wenye mabawa yaliyovunjika, amekojolewa na tumbili mara nyingi kuliko anavyopenda kusimulia, lakini pongo hakuwahi kuletwa. Alijua iko siku. Na tusimsingizie ushujaa: njia nzima mpaka Buganguzi, huko Muleba, aliogopa.

Walimkuta kando ya kijito, pongo jike, waya wa breki ya baiskeli umemkata mguu wa nyuma mpaka mfupa unaonekana. Kidonda kilikuwa cha siku mbili. Lakini hicho sicho kilichomfanya Zahoro asimame akune kichwa. Mbele ya mnyama kulikuwa na majani ya viazi, mabichi kabisa. Kulikuwa na beseni la maji. Upande wa jua, mtu alikuwa amechomeka majani ya migomba ardhini kumtengenezea kivuli. Na kwenye tope, nyayo za mtu zilikoma hatua nne kabla ya kumfikia. Vitu vyote vile vilikuwa vimesukumwa kwa ufito mrefu.

"Huyu ni mtu gani," Zahoro aliuliza, "anayemhudumia mgonjwa namna hii halafu hamfungui?"

Edvina alichuchumaa kando ya mti. Macho yake yalikuwa kwenye shina ambako waya ulifungwa. Mizunguko mitatu, kisha ncha imekunjwa na kurudishwa ndani, mkia umeachwa nje kidogo. Fundo lile lilifunga sanduku lake la chuma alipokwenda sekondari. Lilifunga banda la mbuzi na lango la kibanja. Ukilivuta upande wa mnyama linazidi kukaza. Ukivuta mkia, linafunguka lote mara moja. Mtu mmoja tu Buganguzi alifunga hivyo, na alimfundisha mtu mmoja tu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, lakini hawakusema ufanye nini ukishakiona.

Zahoro alimchoma pongo sindano ya usingizi. Edvina akavuta pumzi, akapiga magoti, akamshika. Alikuwa wa moto. Walipomgeuza waone tumbo, wote wawili waliona jambo moja kwa wakati mmoja. Chuchu zimevimba, na tone la maziwa limechuruzika kwenye manyoya.

"Ana mtoto," Zahoro alisema. "Na mtega mitego hategi mmoja."

Edvina alikwishasimama. Alipanda kilima mbio, akamwachia Zahoro mgonjwa, mfuko wa dawa, na koleo ya kukatia waya. Hiyo koleo ataikumbuka mpaka anazeeka.

Baba yake, Ta Ildefons, alikuwa amekaa uani kwenye kigoda, mzee aliyenyoa ndevu zake kama siku ya Jumapili, ufito mrefu umeegemezwa ukutani. Alimtazama bintiye kuanzia miguuni, akaishia mikononi.

"Umemgusa."

"Nimemgusa, Tata. Mitego iko mingapi?"

Akakivuta kigoda nyuma. "Nilituma neno usije."

"Mingapi?"

"Mitano. Ilikuwa ya nguruwe pori, walikuwa wamemaliza viazi. Sikumtega engabi mimi."

Mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Ta Ildefons mwenyewe alikuwa na mazoea ya kumwambia mwanawe hivyo. Edvina hakuwa na muda wa methali. Akamfokea.

"Fundo lako linafunguka kwa kuvuta mara moja. Siku mbili, Tata! Siku mbili unampelekea maji kwa ufito!"

"Nilishamgusa mmoja," mzee alisema polepole. "Aligongwa na lori, nikamtoa barabarani, nikaona nafanya vizuri. Juma lile lile Lwakatare akaanza homa."

Lwakatare alikuwa kaka yake Edvina. Alikufa akiwa na miaka sita, kaburi lake liko hapohapo nyuma ya nyumba, kati ya migomba.

"Ilikuwa malaria, Tata."

"Malaria katika kijiji kizima ilimwona Lwakatare peke yake? Ukigusa muziro hufi wewe. Anakufa mwanao. Nimebakiwa na mmoja."

Edvina alitaka kulia, akakumbuka maziwa yale. "Nipeleke kwenye mitego," alisema.

Alimpeleka. Alitangulia hatua kumi mbele, hakutaka kuguswa hata na kivuli cha bintiye, akawa anaonyesha kwa ufito. Wa kwanza mtupu. Wa pili mtupu. Wa tatu ulikuwa na manyoya ya kanga. Walipokaribia wa nne walisikia mlio mfupi, kama wa mbuzi mchanga anayelilia mama.

Mtoto wa pongo alikuwa ameteleza mferejini. Waya ulimbana shingo, umevutika kutoka kwenye mbuni, mti wa kahawa ulioota ukingoni, na miguu yake ya nyuma haikufika chini. Edvina alijitosa. Tope lilimfika mapajani. Akanyoosha mikono, akamkamata kiuno, akamwinua kadiri alivyoweza. Hakuweza kuifikia shingo, na waya haukulegea. Akimwachia ili apande kwenye fundo, atanyongeka.

"Tata! Vuta mkia wa fundo!"

Mzee alikuwa amesimama kando ya mbuni. Fundo lilikuwa mbele ya goti lake.

"Si lazima umguse! Vuta waya tu!"

"Waya unamgusa," alisema Ta Ildefons, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba msamaha.

Akachukua ufito. Akapeleka ncha yake kwenye mkia wa fundo, ukateleza. Akaupeleka tena. Alikuwa anajitahidi kwa moyo wote, jasho linamtiririka. Ufito ulinasa, ukateleza. "Tata, mkono!" Edvina alilia. "Tata, nakuomba waitu, mkono!" Mara ya nne, mara ya tano. Mikononi mwake Edvina alisikia moyo mdogo ukienda mbio, kisha ukienda taratibu, kisha akawa ameshika kitu kizito kuliko mwanzo.

Edvina aliinua macho. Mzee aliuona uso wake. Akautupa ufito mferejini, akapiga magoti, akashika mkia wa waya kwa vidole viwili akavuta. Fundo likafunguka lote mara moja.

Mchelea mwana kulia hulia yeye. Ta Ildefons alilia kwa sauti, mzee mzima, kwenye matope, huku akimtoa yule mtoto mikononi mwa bintiye na kumpakata mwenyewe. Edvina alipanda ukingoni. Alikuwa bado na hasira, na alimwonea huruma mpaka kifua kikamuuma. Hivyo viwili havikutaka kupishana. Akaenda kufungua mtego wa tano, kisha akamshika baba yake mkono, wakateremka.

Zahoro alikuwa amekwishamlaza mama kwenye gari, amefungwa bendeji, usingizi bado umemshika. Aliona walichobeba, akavua kofia. Baadaye akatoa daftari, maana ilikuwa lazima ajaze fomu ya ofisi ya wanyamapori.

"Mtegaji hajulikani?" aliuliza.

Edvina alifungua kinywa. Baba yake akamtangulia.

"Anajulikana. Andika Ildefons, wa Buganguzi. Mitego mitano." Akasogea mpaka kwenye ubavu wa gari, mtoto bado kifuani. Akamtazama engabi, akaziona chuchu zilizovimba. "Huyu atapona?"

"Mguu huenda tukaukata. Lakini ataishi."

"Na maziwa?" mzee aliuliza.