Ee Birika, Mwambie Mkwe

Tangu alfajiri roho yangu ilikuwa juu juu. Gari la kumpeleka baba mkwe mjini Medan lilishafika uani. Huko daktari angempasua koo. Uvimbe ungetoka, na sauti ingeondoka nao. Na mimi, mtunga kamusi ya Kikaro, lugha yetu, sikuwa nimerekodi hata neno moja kinywani mwake.

Ningeanzaje? Kwetu mke wa mwana na baba mkwe hawasemeshani mpaka kaburini. Maneno hupitia kwa mtu wa tatu, na wa kwangu, mume wangu Terkelin, alikuwa nje anagombana na dereva juu ya tairi.

"Terkelin! Njoo uniulizie!"

"Mama kamusi, tairi halina upepo nawe unataka maneno? Ongea na birika!"

Alinikejeli, lakini wazee wetu wakikosa mtu ndivyo wafanyavyo, husemesha kitu. Nikawasha simu inase sauti, nikampa mgongo mzee aliyeketi akingoja safari, nikalikodolea macho birika la kahawa.

"Ee birika, mwambie mkwe atutajie moto."

Honi ikalia. Kisha sauti ikakwaruza, "Ee birika, mwambie ni *api*."

Jirani zetu Wamalai nao husema *api*. Madagaska, wenye lugha ndugu na yetu, ni *afo*. Nikauliza jua.

"*Matawari*."

Yaani jicho la siku. Na kule Madagaska, ng'ambo ya bahari yote ile, jua bado huitwa jicho la siku. Neno hilo hunisisimua kila mara. Nikaharakisha: mvua, kufa, mkono. Miguu haikutulia, nikawa nazunguka meza.

"Birika, mwambie mkwe, mke wa mwana huitwaje?"

Wamalai wana neno lao jingine kabisa. Letu tunalo sisi Wakaro na ndugu zetu Wabatak wengine tu. Jibu nililijua. Nilitaka sauti yake.

Kabla hajajibu, Terkelin akaingia, akamshika mkono. "Twende, Baba, tumechelewa." Nikachukia tairi, dereva, na mila zote za milimani. Machozi yakanitoka.

Mlangoni mzee akasimama, akanigeukia.

"*Permain*."

Terkelin akaduwaa. "Baba! Umemwita?"

"Nimwite nani?" mzee akasema, akikohoa. "Nimelijibu birika. Hebu liambie liache kulia."